Mstari wa Mama Jedida Uliohesabiwa Watu Wakiomba

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa Adu, majirani mliotoka Kisumu Ndogo alfajiri mkiwa mmesimama juu ya lori la mchanga, na wewe Mheshimiwa Diwani uliyekuja na hema lako ukakaa kiti cha mbele kabla wafiwa hawajakaa, familia inawasalimu nyote. Ilipotafuta mtu wa kusoma maisha ya marehemu, wenye vyeti vyao walianza kukohoa, kila mmoja akakumbuka kwamba ana homa, kazi ikamwangukia mpwa wake huyu aliyeiacha shule darasa la sita kwa hiari yake na wala hajajuta, na ambaye sauti yake, kama mnavyosikia, haihitaji spika ya mtu. Watoto wa marehemu wameipitia karatasi hii na kuikubali, kwa hiyo atakayewashwa masikio na ajikune polepole, tumalize.

Mama Jedida Mumbua Kavumbi alizaliwa mwaka 1931 huko Mwala, Machakos, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, na ingawa tarehe haikuandikwa, mama yake alikuwa akisema ni wiki ile nzige walipotua na kula hata nyasi za paa. Aliingia shule ya misheni mwaka 1940, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa mwaka 1944 ili alee wadogo zake, na kwa hayo madarasa manne aliisoma Biblia yote kwa Kikamba, kisha akairudia kwa Kiswahili, akisema anataka kuona kama kuna kitu walichomficha.

Tarehe 12 Desemba 1951 alifunga ndoa na marehemu Nahashon Kavumbi, seremala, wakateremka Malindi mwaka 1953 mume alipopata kazi ya kuezeka mapaa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Easter aliyezaliwa mwaka huohuo, na Gerishom aliyezaliwa mwaka 1957. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1980 alikuwa mshonaji katika duka la vitambaa la Bwana Suresh Gokaldas, ambako yeye na Bi Manjula, mke wa Bwana Suresh, walikuwa wakigombana kila asubuhi juu ya pindo na kunywa chai kikombe kimoja kila adhuhuri, na wote wawili walikana kwamba ni marafiki. Mzee Nahashon alifariki tarehe 3 Mei 1979, akamwachia mjane wake nyumba ya udongo Kisumu Ndogo na shamba hili la Adu tuliposimama leo.

Mwaka 1980, baada ya kuacha cherehani kwa sababu ya macho, Mama Jedida alianza ushirika wa maombi chini ya kibanda cha makuti, yeye na wanawake wanne, na watu wakaja, Wakamba, Wagiriama, Waluhya, wapishi wa mahoteli na wauza samaki, mpaka wagonjwa wakawa wengi na mikono ya Mama ikabaki miwili. Ndipo akabuni ule mstari mnaoujua, kila Jumatatu asubuhi yeye anasimama mbele, wa kwanza anamwekea mkono begani, wa pili anamwekea wa kwanza, hivyo hivyo hadi mkiani, wote wamefumba macho, maombi yanapita bega kwa bega, na hakuna anayefumbua wala kutoka mpaka Mama aseme Amina. Tusidanganyane kwa kuwa yuko ndani ya jeneza, Mama alipenda sifa kidogo, alipenda mstari uwe mrefu, na ukifika hadi kwenye mfereji wa maji alikuwa anachungulia kwa jicho moja.

Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba kura za siri za uteuzi zimekwisha, sasa wapiga kura watapanga mlolongo nyuma ya mgombea wanayemtaka na kuhesabiwa mchana kweupe. Mwezi haukuisha, Bwana Kenga Randu, aliyekuwa akiutaka udiwani, akaokoka. Mtu aliyekuwa hajui mlango wa kanisa unafungukia ndani au nje, mwenye baa mbili na kesi ya mabati ya watu, ghafla alikuwa akilia mbele ya kibanda cha makuti akiwa amevaa suti, akabatizwa baharini huku ameshika pua na mpiga picha amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, kisha akapewa nafasi ya kutoa ushuhuda Jumatatu tatu mfululizo. Alimwita marehemu Mama, alimtuma dereva amchukue kwa gari hadi kwenye maombi, ingawa kutoka nyumbani hadi kibandani mtu angefika kabla injini haijapata moto, na alimletea vitambaa vyeupe vya kichwa kwa wanawake wote. Bi Manjula, aliyevikata vitambaa hivyo dukani, alimwonya kwamba mtu anayewavisha watu wote rangi moja ana haja ya kuwaona kutoka mbali, na Mama akamwambia aache wivu.

Siku moja Bwana Kenga aliombwa awaombee wagonjwa pamoja na Mama, akamgusa mtoto wa Sidi, dada yetu kutoka Kakuyuni, aliyekuwa na vidonda kichwa kizima, akamgusa kwa ncha za vidole kama anayejaribu pasi ya moto, na baada ya Amina akaenda nyuma ya gari akajifuta kwa dizeli. Mama Jedida alimwona. Akajiambia kwamba mwanamume mgeni wa wokovu hukua polepole, na neno hilo alilijutia baadaye kila alipolikumbuka.

Tarehe 22 Februari 1988, Jumatatu, ilikuwa siku ya mlolongo, na mgombea mwingine wa udiwani alikuwa Mwalimu Thuku, ambaye ndiye aliyehangaika ofisi hadi ofisi mpaka mfereji ukafika Kisumu Ndogo, na wengi wa ushirika walikuwa wamekwisha amua kusimama nyuma yake. Bwana Kenga alikwenda kwa Mama mapema, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba watu wana hasira, kunaweza kumwagika damu, na kwa kuwa ni siku yao ya maombi, awaombee kwanza amani palepale uwanjani kabla ya kupiga kura. Mama aliona ni jambo jema, na ni nani angeona vingine. Akaonyeshwa pa kusimama, akasimama, wanawake wa vitambaa vyeupe wakajipanga, mkono begani, wapishi wakajipanga, Sidi akajipanga na mtoto mgongoni, hata mke wa Mwalimu Thuku akajipanga, macho yakafumbwa, na Mama akaomba kwa moyo wake wote, maombi marefu kuliko yote aliyowahi kuomba, kwa sababu aliogopa damu.

Aliposema Amina na kufumbua macho, Bwana Kenga alikuwa amesimama mbele yake, amempa mgongo, ameinua picha yake mwenyewe juu ya kichwa, na msimamizi wa uchaguzi alikuwa amefika mkiani akihesabu na sasa anafunga kalamu yake. Mwalimu Thuku alikuwa upande wa pili na wanaume wachache walioshindwa kuamka mapema kwenda kwenye maombi. Watu walipoanza kukimbilia kwake, askari wakasema hesabu imekwisha, na mke wa Mwalimu akakaa chini mchangani akajifunika kanga usoni, amemwangusha mumewe kwa maombi yake mwenyewe.

Mama Jedida alimfuata msimamizi, akamweleza kwamba wale walikuwa wakiomba, hawakuwa wakichagua, akajibiwa kwamba sheria inahesabu miguu, macho si kazi yake. Adhuhuri ileile akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Bwana Kenga, akakuta mbuzi wameshachunwa na ngoma ziko motoni, akamtaka aseme mbele ya watu kwamba ule haukuwa mlolongo wake. Maneno yaliyosemwa pale yalisikiwa na wengi mlio hapa, kwa hiyo hayapunguzwi wala kuongezwa.

“Mama yangu,” Bwana Kenga alisema, mdomo una mafuta, “mimi sikumpanga mtu. Ni Roho aliyewapanga.”

“Roho angekuwa anakutaka wewe, Kenga, asingewafumba watu macho kwanza.”

Bwana Kenga alicheka, akaagiza Mama aletewe sahani ya pilau, akaletewa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini palepale na kuondoka.

Lakini si Kenga aliyemuumiza. Jumatatu iliyofuata watu walikuja kibandani kama kawaida wakaanza kujipanga, na Sidi, mtoto akiwa bado na vidonda vyake, alitoka mstarini akamwendea Mama mbele ya wote, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia.

“Mama Easter, siku ile mtoto wangu aliombewa, au alipigiwa kura?”

Marehemu akawaomba watu watawanyike, na tangu hapo hadi kufa kwake hakuruhusu mtu yeyote asimame nyuma yake. Alisema kama kuna maombi, atamfuata kila mtu kwake, amwangalie usoni, wote wawili macho wazi, na hivyo ndivyo alivyofanya, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye kisukari, kutoka Kisumu Ndogo hadi Kakuyuni, juani na matopeni, akianza na nyumba ya Sidi, akimalizia kwa Mwalimu Thuku, ambaye alimfungulia mlango na kumpa kiti. Huku nyuma Bwana Kenga, sasa Mheshimiwa, alileta kijana mhubiri na vipaza sauti, akaanzisha mstari wake mwenyewe, mkono begani vilevile, vitambaa vilevile, na ushirika ukahama nusu kumfuata, kwa sababu kusimama foleni ni rahisi kuliko kungoja mama mzee akufikie.

Mwezi wa Juni mwaka huu wa 1989 alipata kidonda cha mguu kutokana na kutembea, akakificha ndani ya soksi, na Bi Manjula ndiye aliyekigundua kwa harufu, akamgombeza, akalia, akampeleka mwenyewe hospitali ya Malindi tarehe 19 Septemba. Madaktari walifanya waliloweza, mguu ukakatwa, lakini sumu ilikuwa imekwisha panda. Tarehe 7 Oktoba aliwaita Easter na Gerishom akawaambia hivi: “Nikifa, msikubali mtu awapange watu nyuma ya jeneza langu. Nishusheni, nifunikeni, mkale.” Alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 8 Oktoba 1989, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliokuwa wakimgeuza bila kuziba pua, inawashukuru Bwana Suresh na Bi Manjula kwa gari na kwa sanda aliyoishona Bi Manjula kwa mkono wake mwenyewe na pindo akalikunja kama alivyotaka marehemu, inawashukuru wenzake wa zamani wa dukani, majirani wa Kisumu Ndogo na wa Adu, Sidi aliyepika tangu juzi, na Mwalimu Thuku aliyechimba kaburi.

Mheshimiwa Diwani, jana ulimwita Gerishom kando ukamwambia kwamba umeikuza picha ya Mama, na kwamba itapendeza ukiibeba wewe mbele, waumini wote wajipange nyuma yako, mkono begani, mpaka kaburini, kama kumbukumbu yake, na mpiga picha wako tumemwona pale amepanda juu ya boneti. Familia inakushukuru kwa picha, tafadhali iache mezani. Hutapewa kipaza sauti, na hema lako unaweza kuanza kulikunja sasa hivi kwa sababu jua tumelizoea. Ukitaka kumzika, koleo ziko nne, subiri moja iachwe, utupe udongo kama sisi, na mikono ikichafuka, maji yako nyuma ya jiko.

Nanyi wengine wote, sasa inukeni, njooni kaburini kila mtu kwa upande wake, kutoka huku na kutoka kule, wenye kukanyagana mkanyagane, na mnapoomba msifumbe macho. Pumzika kwa amani, Mama Jedida, uliyetufikia mmoja mmoja.