Hita ya Chumba Kimoja

Kwenye basi la kwenda Walthamstow, huku ughaibuni, nesi Mkenya aitwaye Jedidah alikuwa akimweleza mama wa Kihindi aliyeketi naye, mzaliwa wa Mombasa, kwamba nyumbani anawasha hita chumba kimoja tu. "Tunakula humo, tunalala humo, mimi na wanangu wawili."

"Watakuchukia hao, mwanangu," mama alisema.

"Wacha wanichukie. Dada yao yuko Kisumu kwa nyanya yake, mwaka wa nne sasa. Mwezi wa tatu nalipia viza yake, lazima aje."

"Na hawa wakiugua baridi?"

"Mimi ni nesi, mama."

Mimi niliyeketi nyuma yao nilidhani hilo limemaliza ubishi.

"Nesi naye huugua," mama akajibu, akavua shali lake na kumwekea mapajani. Jedidah akalirudisha. Likawekwa tena. Basi liliposimama kituo cha mwisho, walikuwa bado wanasukumiana.