Kamba ya Picha pale Lubao

Niketisheni, wanangu, mnitie mto mgongoni, na mlango huo uacheni wazi mwanga uingie, maana maneno haya sitaki kuyasema nikiwa nimelazwa kama gunia la mahindi. Daktari ametuambia turudi nyumbani Shinyalu, na daktari akikwambia urudi nyumbani bila kukupa siku ya kumwona tena, mtu mzima anaelewa. Msilie. Maurine, binti yangu, futa machozi uniangalie. Onesmus, mwanangu, wewe uliyefika jana kutoka Chekalini baada ya kutupa mgongo muda wote huo, usisimame hapo mlangoni kama mgeni anayeogopa mbwa, kaa. Nawe Lynette, huna damu yangu lakini umekula obusuma yangu, ugali wa nyumba hii, tangu ulipokuwa msichana wa kunichanganyia rangi, kaa karibu na Maurine. Tegeni masikio, kwani pumzi iliyobaki ni kidogo na mimi sipendi kurudia maneno, hilo mnalijua.

Nianze na mali, kwa sababu haina maneno mengi. Shamba hili mligawane sawasawa, wa kike na wa kiume, kwa ule mpaka wa miti niliouonyesha mbele ya mzee wa mtaa, na atakayesema msichana hana shamba mwambieni aje aniulize huko niendako. Ng'ombe abaki na Maurine, ndiye anayemkama. Brashi zangu gawaneni, ila zile za manyoya laini msimpe mtu asiyeziosha. Limebaki banda la Lubao, lile la mabati ambamo nimechora mabango ya bucha na saluni na makanisa ya kila jina, mpaka mgongo ukapinda. Hilo sijampa mtu bado. Ndilo lililonifanya niwaite, na nitalifikia.

Kwanza nataka kushukuru. Nimelala hapa nikiwakumbuka watu walionikosoa maishani, mmoja mmoja, na moyo wangu umejaa shukrani kwao kuliko kwa wale walionisifu, kwa maana walionisifu walinywa soda yangu wakaenda zao, lakini walionikosoa ndio walionipa mkono huu.

Nilikuwa kijana mwenye kiburi cha jogoo. Nilijua kuchora, nilijua kwamba najua, na hapo ndipo nilipokwama. Mzee George, wa hapa hapa Shinyalu, alikuwa na fahali wa kupigana aliyeitwa Greda, na siku Greda aliposhinda, ngoma ya isukuti ikapigwa mpaka vumbi likafunika watu, George akanituma nimchore fahali wake ukutani mwa nyumba. Sasa Greda alikuwa na pembe ya kushoto iliyolegea ikatazama chini kwa ajili ya vita vya zamani. Mimi nikaona si heshima bingwa kuwa na pembe ya namna ile, nikainyoosha, zikasimama zote mbili juu, zikapendeza ajabu. George akaja, akatazama, akaenda kando, akarudi kutazama. 'Sylvanus,' akasema, 'hii si Greda. Greda pembe yake inaangalianga chini. Umenichorea ng'ombe ya mtu mwingine kwa ukuta yangu, unataka watu waseme nimeiba?' Na kweli majirani walishaanza kuulizana huyo ni fahali wa nani! Hapa kwetu mtu anaweza kusahau sura ya shemeji yake, lakini pembe za fahali hazisahau. Nilipewa chokaa nikaufuta ukuta ule mchana kweupe, watoto wakinicheka.

Nikatoka pale nimevimba kwa hasira, na miguu ikanipeleka kwa mtu niliyemchukia kuliko wote, Umar wa Mumias, aliyekuwa akipamba malori pale Lubao ng'ambo ya barabara, akinichukulia wateja. Tulikuwa hatusalimiani. Sijui nilifuata nini kwake, labda ni Nyasaye, Mungu mwenyewe, aliyenisukuma. Nikamwonyesha karatasi niliyokuwa nimemchorea Greda kabla ya kupanda ukutani. Akaitazama, akaguna. 'Subhanallah, Sylvanus, achilia mbali pembe, huyu ni fahali au ni meza iliyoota mkia? Miguu yote imesimama sawa, uzito wake uko wapi?' Nilitaka kumpiga, haki ya Mungu. Badala yake nikamwuliza uzito unachorwaje, naye akaliacha lori la watu limekauka nusu, tukaenda mnadani, tukapanda juu ya ua tukachora miguu ya ng'ombe, miguu tu, kila siku ya soko, mpaka wachuuzi wakasema wachoraji wamerukwa na akili. Kinyozi hajinyoi, wanangu. Ukiukodolea mchoro wako peke yako, jicho lako linageuka wakili wa mkono wako, linautetea hata mahali pasipo na haki. Umar alinipa jicho lake bure, na mimi nikampa langu, na chuki ile ikafa yenyewe bila kusuluhishwa na mtu. Nikishazikwa, nendeni Mumias kwa mjane wake, Mama Hasina, mmpelekee ingokho, kuku aliyenona, mmwambie mumewe alinifanya fundi. Msichelewe.

Ndivyo ilivyoanza kamba yetu ya Jumamosi, na wengine wakaja, wa kuandika mabango, wa kuchonga, wa kupaka rangi nyumba. Kila mmoja anaanika kazi yake kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na yule ambaye picha yake inatazamwa ndiye anayemimina chai, na mdomo wake ni wa kunywea tu. Haruhusiwi kujitetea. Wenzake wanasema kwanza wanachokiona, siyo wanachokipenda, kisha wanasema mahali jicho lilipojikwaa, na asiyeanika chake hana ruhusa ya kugusa cha mwenzake kwa neno. Siku hizi nawaona vijana wanatuma michoro kwa simu, wanaletewa mioyo myekundu, wanafurahi. Moyo mwekundu haujawahi kumwambia mtu kwamba bega limekaa shingoni. Mtazameni Maurine: alianza vidole vyake vikiwa ndizi za mkungu mmoja, tukamwambia, akalia kidogo, halafu akawa anauchora mkono wake wa kushoto kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, na leo ukiona mkono aliouchora unataka kuusalimia. Binti yangu, nakushukuru kwa ukaidi wako.

Onesmus, sasa nakuja kwako, na usiinamishe kichwa, mimi sigombani. Katika nyumba hii hakuna aliyezaliwa na mkono kama wako. Mama yako Awinja alipotutoka ulijifungia ukamchora, ukaleta picha ile Jumamosi, ukaianika. Lynette akasema, 'Naona mwanamke mzuri, lakini simwoni Mama Awinja.' Lynette, ulisema kwa upole, na ulisema kweli, sijawahi kukulaumu. Lakini wewe mwanangu ukaing'oa picha ukaondoka nayo, na tangu hapo ukaishi Chekalini ukichora peke yako. Nilipita huko, hukujua. Niliona ukuta wa kinu cha mahindi ulioupamba, mama amebeba ungo, nikamtambua mama yule, ni yule yule uliyekuwa ukimchora ulipoondoka, shingo ile ile, tabasamu lile lile. Nikaumia. Sikuumia kwa sababu ulituacha; niliumia kwa sababu mkono wako umesimama palepale ulipouacha, na mimi niliuona ukitembea tangu ulipokuwa ukichora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni na mama yako akikufukuza na mwiko. Nimetamani ufunguo wa banda uwe wako. Lakini banda ni la kamba, na siwezi kumpa ufunguo mtu asiyeanika. Nikifa hivi, kamba itakatika, nawe utabaki na mama wa ungo mpaka uzee. Hilo ndilo linaloninyima kufa vizuri.

Maurine, mpe ndugu yako karatasi na penseli. Onesmus, nichore. Hapa hapa, nilivyo. Ukikataa sitakulaani, wewe ni wangu tu. Lakini nakuomba.

Ahsante. Ahsante, baba.

Akichora, nyinyi sikieni habari za mazishi. Msiuze ng'ombe kulisha watu. Anayekuja kunilia atakunywa chai. Isukuti ipigwe, mimi si mtu wa kuzikwa kimya kimya. Msinichapishie bango la kompyuta lenye picha ya kitambulisho, ile niliyotoka kama mwizi wa kuku. Jirani yetu wa kule chini, tuliyezozana naye juu ya mfereji, mwambieni mimi nilishasahau, na kama yeye hajasahau aje atupe udongo hata kwa hasira. Nipeni maji. Kidogo tu. Ahsante.

Umemaliza? Mpe Lynette aishike juu, hapo kwenye mwanga. Wewe mimina chai. Lynette, sema unachokiona, usimwogope wala usinionee huruma. Ati? Paza sauti, masikio yamechoka. Anasema anaona mzee aliyeshiba, anapumzika baada ya mavuno. Maurine, na wewe unaona hivyo? Haya. Niletee nijionee.

Kazi nzuri. Mikono ni yangu kabisa, hata ukucha ule uliokufa. Lakini wenzako wamesema kweli. Mashavu haya niliyaacha wapi, mwanangu? Umenijaza nyama, umenifungua macho, umenifuta ugonjwa. Mama yako ulimfanyia hivyo hivyo. Onesmus, kuchora unajua. Usichokitaka ni sisi kufa. Na mimi ninakufa, baba. Nitazame.

Unakwenda wapi? Onesmus! Mwacheni, msimshike, kama anakwenda na aende...

Ah. Kumbe umefuata kiti. Kilete, kilete karibu, goti lako liguse kitanda. Naam. Nasikia kifutio. Futa shavu hilo, lifute kabisa, usiihurumie karatasi. Ee Nyasaye, nakushukuru, umenionyesha kabla hujanichukua.

Maurine, ufunguo uko chini ya mto. Mpe ndugu yako, na Jumamosi aanike. Lynette, usimbembeleze, mwambie kweli kama kawaida yako. Mikono yenu isikose kazi, macho yenu yasikose wenzao, na watoto wenu wawe wengi na wabishi. Mkosoane mkipendana. Mulembe kwenu, amani kwa nyumba hii...

Mwanga umepungua, au ni mimi? Lynette, niambie... shavu limeingia ndani? Vizuri. Na jicho? Limefumba nusu... ndivyo lilivyo, liache hivyo. Penseli yako, Onesmus, naisikia kwenye karatasi. Usiharakishe. Chora tu, mwanangu, usisimame... hata nikinyamaza, chora.