Nani Aoshwe Miguu Alhamisi Kuu

— Wewe miguu yako inajulikana hadi Runyenjes!

— Afadhali yangu inajulikana. Yako hata mke wako hajaiona, unalala na gambuti!

Ugomvi huo ulikuwa kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Ruguru hapa Karurumo, pale njia ya kushuka mashambani inapoachana na lami. Sisi wa huku tunalima kahawa na kunywa chai, lakini Ruguru aliishi Majengo kule Meru, na majirani zake wakamfundisha kupika kahawa nyeusi ya tangawizi, na tangu arudi wanaume wamehamia kwenye benchi lake. Waliokuwa wakigombana ni baba yangu Ngari, ambaye huitwa Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe, na kaka yake Nyaga, ambaye huitwa Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kugombea wadi akashindwa vibaya sana. Katikati yao alikaa Ndambiri wa bodaboda, ambaye tunamwita Redio. Kila Alhamisi Kuu Padri huosha miguu ya watu kumi na wawili, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Mwaka huu jumuiya yetu imepewa kiti kimoja tu, na katekista angepita alasiri hiyo kuchukua jina.

Mimi nilikuwa nimetumwa na mama yao, nyanya yangu Cucu Wambeti. Tangu masomo yangu yakatike Kidato cha Pili ninaishi naye. Miguu yake imevimba na hajafika kanisani tangu Krismasi. Alitaka sana kwenda Alhamisi Kuu. Lakini kutoka kwake hadi barabarani ni kilima cha matope, na mimi peke yangu siwezi kumpandisha. Nilitakiwa kuuliza ni nani atamleta. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

— Baba, Cucu anauliza...

— Ngoja, Mukami. Hapa kuna mambo ya Mungu.

Mheshimiwa aliweka kikombe chini kama mtu anayeanza hotuba.

— Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa wa wanafunzi alikuwa Petro, na Petro ndiye alioshwa kwanza. Kiti ni changu, tumemaliza.

— Nani alikuambia alioshwa kwanza? Baba akauliza. Biblia inasema, akaja kwa Petro. Utakujaje kwa mtu kama hujatoka kwa mwingine? Alianza na Yohana, aliyeketi karibu kabisa. Na Yohana alikuwa mdogo. Mdogo hapa ni nani?

— Nyinyi wote mko nje, alisema Redio. Ulizeni kwanza Petro alikataa kuoshwa kwa nini. Buda, yule msee alikuwa na funza.

— Funza!

— Eeh. Aliona haya. Halafu aliposhindwa akasema, basi nioshe na mikono na kichwa. Huyo si ni mtu hajaoga?

— Redio, Ruguru alisema kutoka ndani, ukiendelea hivyo usiguse kikombe changu.

— Petro hawezi kuwa na funza, Mheshimiwa alisema kwa hasira, kana kwamba ni yeye ametukanwa. Petro alikuwa na upanga. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa usalama.

— Mkuu wa usalama gani analenga mtu anapata sikio? Baba akacheka. Wacha nikwambie watu waliojua mambo. Yakobo na Yohana. Hao waliomba viti mapema, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kiti huombwa mapema.

— Na wakajibiwa nini? Ruguru akauliza.

— Waliambiwa hawajui wanaomba nini.

— Basi.

— Lakini hawakufukuzwa!

— Na hata hawakujiombea, Mheshimiwa akasema. Walimtuma mama yao. Aibu gani hiyo?

— Baba Mkubwa, nikaingilia haraka, mama yenu naye anauliza...

— Mukami, ukisikia mama anatajwa si lazima awe wetu. Tuko Yerusalemu hapa.

Nilimtazama Ruguru. Ruguru alitazama paa la mabati.

— Kuna kitu hamjui, alisema Redio, akishusha sauti. Ile meza ilikuwa na mguu mbovu. Upande mmoja ukiegemea, mchuzi unakumwagikia. Sasa kila mtu anataka upande mzuri. Ndiyo ugomvi wote huo. Yuda mwenyewe alitoka mapema kwa sababu alilowa.

— Hiyo umesoma wapi?

— Si kila kitu kinasomwa, Daktari. Vingine unatumia akili.

Hapo Mheshimiwa aliinama akavua kiatu kimoja na soksi, akauweka mguu juu ya benchi karibu na vikombe. Lazima nieleze kwamba huku kwetu hakuna mtu anayempelekea Padri mguu mchafu. Wiki nzima kabla ya Alhamisi Kuu watu husugua visigino kwa jiwe, hukata kucha, hupaka mafuta. Padri huishia kumwaga maji juu ya miguu iliyo safi kuliko mikono yake. Kisigino cha Mheshimiwa kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa.

— Tazameni, alisema. Huu ni mguu wa kanisa.

Baba hakukubali kushindwa. Akavua gambuti zote mbili. Vidole vyake vyote vilikuwa rangi ya zambarau.

— Nini hiyo? Ruguru alitoka nje na mwiko mkononi.

— Dawa ya kwato. Inaua kila kitu. Miguu yangu sasa haina hata mdudu mmoja.

— Haina hata heshima moja. Toa kwenye benchi langu!

Ndipo akaja katekista Kailemia, kijana mrefu wa Kibirichia aliyeletwa parokiani kwetu juzi juzi. Suruali yake ilikuwa na matope hadi magotini.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele na milele, amina! Walijibu Baba na Mheshimiwa kwa pamoja, na kila mmoja akajitahidi amalize baada ya mwenzake.

— Karibu uketi, katekista. Jina liko tayari, alisema Mheshimiwa.

— Sitakaa. Natoka kwa Mama Wambeti, nimempelekea Ekaristi. Ameniuliza ni nani kati ya wanawe atamleta Alhamisi. Nimwambie ni nani?

Baba alitazama vidole vyake. Mheshimiwa alibaki ameshika kiatu. Redio, ambaye ana jibu la kila kitu, aliinuka akaanza kufuta kioo cha pikipiki yake. Nami nilitaka kucheka na kulia, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu kikombe cha kwanza.

— Mama aketi kwenye kile kiti, Baba alisema mwishowe, polepole.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi.

— Ndivyo nilitaka kusema, alisema Mheshimiwa.

— Lakini nimesema mimi.

— Nilifikiria kabla hujasema. Katekista, ijulikane kwamba Nyaga amemwachia mama kiti.

— Amwachie vipi, kwani kilikuwa chake? Anayejishusha hapa ni mimi, kila mtu ameona!

— Mimi nimejishusha zaidi! Mimi ni mkubwa, nimeshuka kutoka juu. Wewe ulikuwa tayari uko chini!

Kailemia alifunga macho. Nilidhani anaomba.

— Lakini wazee, alisema Redio kutoka kwenye pikipiki, mtampeleka na miguu haijaoshwa? Padri ataonaje?

Wakatazamana. Mheshimiwa akanyakua beseni la Ruguru la kuoshea vikombe, akavimwaga vikombe vyote kwenye benchi. Baba akanyakua sufuria ya maji ya kahawa yaliyokuwa yameanza tu kupata moto.

— Maji yangu! Ruguru alipiga kelele. Kahawa imeisha leo! Mmesikia? Imeisha!

Hawakusikia. Walikuwa tayari wanateremka kilimani, mmoja ana kiatu kimoja, mwingine miguu mitupu ya zambarau, wakisukumana kwa mabega na maji yakiruka kila upande.

— Hata Yohana, alisema Kailemia akiwatazama, hakusahau kuandika kwamba alimpita Petro mbio kwenda kaburini kwa Yesu.

Nilikimbia nyuma yao. Nilipofika, Cucu alikuwa amesikia kelele na kujikokota hadi mlangoni, akiegemea fimbo. Wanawe walisimama mbele yake wakihema, matope hadi kwenye shati, beseni moja na sufuria moja, na wote wawili wakisema, mama, mimi ndiye nimefika kwanza. Cucu alichungulia ndani ya sufuria, kisha akawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Akasema:

— Maji yote mmemwaga njiani. Aliyefika kwanza arudi akachote mengine, na aliyefika wa pili amshikie beseni. Na Alhamisi mje hivyo hivyo, wawili, mnibebe mkiwa mmenyamaza.