Tupokigwe Hakuwa Daktari

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Segerea, ndugu mliosafiri kutoka Tukuyu na wafanyakazi wenzake mliotoka Mbagala, Bwana Yesu asifiwe. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mtoto wetu, Tupokigwe Gibson Mwaisumo, na baba yake, Mzee Gibson, aliyeketi hapa mbele, ameomba yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayomhusu yeye, maana ameshayasema mbele za Mungu na mbele ya ukoo, na hataki mtoto wake azikwe huku jambo moja likiwa limefunikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Tukuyu, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Gibson na marehemu mama yetu Yuliana. Mwaka 1986 Mzee alihamishiwa Dar es Salaam, akiwa karani wa ghala, akapata kiwanja hapa Segerea, na hapa ndipo Tupokigwe alipokulia na kubatizwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987, akamaliza la saba mwaka 1993, akasoma sekondari hadi mwaka 1997, na katika miaka yote hiyo baba yake alikuwa akiwaambia wenzake kazini kwamba yule binti ni daktari, bado kuvaa koti tu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alama hazikutosha kuendelea na masomo ya sayansi, akapata nafasi ya cheti katika chuo cha afya, kozi ya wasaidizi wa maabara, miaka miwili. Mzee alimsindikiza stendi, na gari lilipoanza kuondoka alimwambia dirishani, "Anzia hapohapo, mwanangu, udaktari utaufikia tu."

Mwezi Januari 2001 aliajiriwa katika zahanati moja ya Mbagala, wilaya ya Temeke. Kazi yake ilikuwa kutoa wagonjwa damu, kupaka tone kwenye kioo, kuliwekea rangi na kulitazama kwa darubini, kisha kuandika alichokiona ili daktari ajue la kufanya. Jumapili yake ya kwanza baada ya kuanza kazi, Mzee alisimama kanisani akamtambulisha kuwa ni daktari wetu, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Dokta. Alipokuwa akitoka kazini majirani walimdaka njiani, "Dokta, mie tumbo linanisokota tangu jana, nipe hata kidonge kimoja basi," naye alicheka akawaambia, "Jamani, mie napima tu, nendeni kwa daktari." Baba yake alimkemea kwa hilo, akamwambia aache kuwatesa watu kwa maneno mengi, mwenye koti jeupe ni daktari, basi. Tupokigwe alikuwa mtoto mtiifu, na kwa kumtii baba yake alianza kuitika.

Tarehe 9 Oktoba 2004 alifunga ndoa na Bwana Brightson Mwansasu, mwalimu, katika kanisa letu hili, wakajenga nyuma ya nyumba ya Mzee, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lusungu, aliyezaliwa mwaka 2005, na Anna, aliyezaliwa mwaka 2011. Akiwa na mtoto mdogo alirudi chuoni kusomea stashahada, mumewe akabaki na mtoto, na mwaka 2008 akahitimu na kuwa mteknolojia wa maabara. Mzee alichinja mbuzi, na katika hotuba yake alisema, "Imebaki ngazi moja."

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2010, wakati wa masika, Tupokigwe alikuwa zamu Mbagala. Asubuhi jirani yetu, Bi Mwanaasha, alipita akiwa amembeba binti yake Najma, wa miaka minne, anachemka kwa homa, mama alikuwa njiani kwenda hospitali, ila aliona bora aulize kwanza kama Dokta yupo. Mzee Gibson alimkaribisha barazani, akamwambia, "Kaa hapa mwanangu, Dokta anarudi saa nane, foleni ya huko ya nini na sie daktari tunaye nyumbani?" Akamletea chai, akamletea na kanga kavu ya kumfunika mtoto. Mvua ilikata njia, saa nane ikapita, Bi Mwanaasha akanyanyuka mara mbili aende zake, na mara mbili Mzee akamrudisha kwenye kiti. Tupokigwe alifika saa kumi na moja, akamkuta mtoto ameanza degedege mapajani kwa mama yake. Alimnyakua, akakimbia naye kwenye matope hadi kwenye teksi, na kabla hajafunga mlango alimgeukia baba yake na kwa mara ya kwanza maishani akampazia sauti, "Baba, mie siyo daktari!"

Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Najma alipona, tunamshukuru Mungu, lakini alipoamka masikio yake yalikuwa hayasikii tena, na hayajasikia mpaka leo. Bi Mwanaasha hakumlaumu mtu, alileta futari nyumbani kwa Mzee mwaka ule kama miaka yote, na Mzee anasema hakuna tusi ambalo lingemchoma kuliko bakuli lile la tambi. Tupokigwe naye hakumwachia baba yake mzigo peke yake, alimwambia mumewe kwamba baba alilisema neno, lakini aliyeliitikia ni yeye. Kuanzia hapo aliyemwita Dokta hakujibiwa, alingoja mpaka aitwe kwa jina lake. Alijifunza lugha ya alama pamoja na Najma, na Najma akampa jina la mikono, anafumba jicho moja na kuinama kidogo, kama mtu anayetazama kwenye darubini, na katika mtaa wetu mtoto yule ndiye pekee aliyemwita Tupokigwe kwa kazi yake.

Mwaka 2012 sifa zake zilimruhusu kuomba shahada, na Mzee akamsihi achague udaktari, akamwambia mlango sasa uko wazi. Alichagua sayansi ya maabara. Alisema anataka aijue kazi aliyo nayo mpaka mwisho wake. Alihitimu mwaka 2015, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akafaulu mtihani wa kupata leseni, akawa mkuu wa maabara na mlezi wa wanafunzi waliokuja kujifunza kazi. Hakuna aliyepita mikononi mwake bila kufundishwa kujitambulisha kwa mgonjwa, jina lako, kazi yako, na lile usiloliweza.

Lakini Jumapili ya shukrani ya shahada ile, Mzee alisimama tena, akasema sasa binti yake amekuwa daktari kamili. Tupokigwe aliinuka akatoka kwa mlango wa pembeni. Hawakugombana. Kila mwaka alimwomba jambo moja tu, "Baba, njoo siku moja kazini uone ninachofanya," na kila mwaka Mzee alikuwa na sababu, mara mguu, mara kikao cha kanisa. Leo anasema haukuwa mguu wala kikao, alijua akienda ataona kwamba binti yake hakuwahi kudanganya, mwongo alikuwa yeye.

Mwezi Septemba 2024 marehemu alianza kuumwa, ikagundulika kuwa ni saratani ya ini, akatibiwa kwa kulazwa na kuruhusiwa. Mwezi Mei mwaka huu, marehemu akiwa amelazwa, Mzee alikwenda Mbagala, na mwanafunzi wa zamani wa marehemu, Gladness, akamwingiza maabara na kumwekea kwenye darubini kioo chenye damu ya mgonjwa wa malaria. Mzee alitazama muda mrefu, akaona vipete vidogo vya zambarau, akauliza, "Hivi ndivyo vilivyomziba Najma masikio?" Gladness akajibu, "Ndiyo babu. Na hivi ndivyo dada Tupo alivyokuwa akivitafuta kila siku." Mzee alirudi wodini kumweleza, lakini alimkuta amelala kwa dawa, akamweleza hivyohivyo, na siku zilizofuata marehemu hakuwa tena na nguvu za mazungumzo, kwa hiyo hatujui kama alisikia. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mume, watoto wawili, baba na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake na wanafunzi wake wa maabara, kanisa, na majirani wote, hasa Bi Mwanaasha, aliyelala nasi msibani siku zote hizi, na ambaye sasa anamweleza Najma kwa mikono haya ninayoyasoma.

Mtakapofika kaburini, msishangae mkiona kwamba upande wa kushoto wa jina, rangi nyeupe ya msalaba ni nzito kuliko kwingine. Mzee alipomwagiza fundi kwa simu, mdomo ulitangulia, neno Dkt. likaandikwa, na jana aliurudisha msalaba mwenyewe likafutwa kwa rangi, akaandikisha Mteknolojia wa Maabara. Neno la buriani la baba lilipangwa kusomwa hapa. Ameomba lisisomwe. Asubuhi hii Najma amemfundisha jina la mikono, na ndilo atakalomwitia mwanawe kabla ya udongo kuanza kuwekwa.

Tupokigwe, mpimaji wetu, baba yako amekuja kazini. Pumzika kwa amani.