Mwonja Mawe na Sanduku Lililogeuzwa

Kaka yetu, mliyezoea kumwita Mwonja Mawe, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasomea miamba miaka miwili.

Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye lile bonde la mviringo lililochimbwa na kimondo zamani za kale. Kishindo kile kiliyeyusha miamba, nikeli na shaba vikatuama chini kama mashapo ya kahawa, na kampuni ikavifuata. Kaka alipanga masandukuni vipande vya mwamba vilivyotolewa na mtambo wa kuchoronga, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Alivilamba ili rangi ionekane. Mkewe, waliyefunga naye ndoa tarehe 14 Agosti 1976, alimtania, "Chakula changu unakidonoa, mawe unalamba!"

Aprili 1983 aligeuza sanduku moja kimakosa. Mwamba mbovu wa chini ukasomeka kuwa wa juu, na handaki likapitishwa palipodhaniwa imara. Likaporomoka. Mdogo wetu, mchimbaji, alikuwa ndani; wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena. Watu walisema bahati mbaya. Kaka alijua, akafyata ulimi.

Tangu hapo tundu la uchunguzi lililochorongwa juu ya handaki likawa linapumua: asubuhi linavuta hewa, jioni linaitoa. Wataalamu walisema ni hali ya hewa tu. Kaka alikwenda kila jioni kutega sikio. "Anagonga," alimwambia mkewe. "Mara tatu, tatu." Wifi yangu alimcheka, mpaka siku alipofuatana naye. Hakumcheka tena.

Vumbi la mawe lilimharibia mapafu; alilazwa Januari 2021 na kufariki tarehe 9 Juni. Wiki moja kabla, alimwita mke wa mdogo wetu, akamweleza habari ya sanduku.

"Miaka thelathini na minane unanitazama usoni?"

"Yeye nilikuwa namwomba radhi kila jioni, shemeji. Wewe nilikuogopa."

Yule mama hakutamka kwamba amesamehe. Alitaka jambo moja tu, haya yasomwe leo mbele yenu. Jamani, imeniuma kuyasoma.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, nami dada yake. Mdogo wetu tulimwandika pamoja na waliotangulia. Jana mkewe alikwenda kwenye tundu, akatega sikio, akarudi ametota jasho, akaninyang'anya kalamu. "Mwandike na waliobaki."

Pumzika, kaka. Jioni ya leo anakwenda yeye tunduni.