Samaki Niliyempelekea Mwalimu wa Binti Yangu

Hakuna kitu cha dunia hii ambacho kingeweza kunishangaza mimi. Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na wengi wenu hapa mmenisikia nikisema. Mtu aliyeacha shule darasa la saba kwa kukosa karo, akaanza kubeba mchanga kwa karai pale Nyamasaria, leo ana pikapu tatu na duka la vifaa vya ujenzi, na ukihesabu nyumba za kupangisha kutoka barabara kuu mpaka ndani Manyatta, zile zilizonyooka ni zangu. Nimeona upepo ukibeba paa la jirani ukaliweka juu ya kanisa. Nimeona fundi akijenga choo bila mlango. Nini tena kingenishangaza?

Kina mama mnaocheka huko nyuma, ngojeni kidogo.

Mwenyekiti ameniita mbele kwa sababu mwaka huu tuna vijana wanne kanisani wanaoingia kusoma masta, na wazazi wao wako hapa wamekaa wima kama waliopewa cheo. Nawajua. Nilikaa hivyo mimi pia. Sitataja jina la mtu, nitasema tu yaliyonipata.

Ilianzia mazishini. Mnajua desturi zetu. Marehemu akishasomewa wasifu wake, watoto wake wanasimamishwa mstari mmoja, na msema chochote anawatambulisha: huyu ana digrii, huyu ana masta, huyu yuko ng'ambo. Siku hiyo mzee tuliyekuwa tunamzika alikuwa mvuvi wa kawaida, hakuwahi hata kuwa na bati la maana nyumbani kwake. Lakini watoto wake wawili wana masta, na msema chochote alipotamka hilo, hema zima lilipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa viti vya mbele. Nilikuwa nimetoa ng'ombe wa mazishi. Hakuna aliyenipigia makofi.

Nikaomba kipaza sauti. Nikasema pole kwa familia, halafu mdomo ukaendelea wenyewe: "Na mimi nawaahidi, nipeni miaka miwili tu. Mkija kwangu mtapata masta ndani ya nyumba."

Binti yangu mkubwa alikuwa ameketi karibu na mama yake. Ana digrii ya mambo ya vyakula, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba, anafanya kazi yake ndogo mjini. Nilimwona akigeuka kunitazama. Usiku ule njiani akaniambia, "Baba, ile masta ni ya nani?"

Nikamjibu, "Ni yako. Kazi yangu ni kulipa."

"Umeniuliza ninataka kusoma nini?"

"Biashara," nikasema. "Mtu akisoma biashara ataharibikiwa wapi?"

Hakujibu. Nikadhani amekubali. Kwenye mjengo, fundi akinyamaza maana yake ameelewa.

Nikalipa karo ya miaka yote miwili kwa mpigo. Yule karani wa chuo alinitazama mara mbili, na mimi nilifurahia kutazamwa. Binti akaanza masomo, yale ya wikendi. Na mimi nikaanza kumsimamia kama ninavyosimamia mafundi. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa namuuliza, "Umefika linta?" Linta, kwa wale ambao hawajawahi kujenga, ni ule mhimili wa zege unaopita juu ya madirisha. Ukifika linta, nyumba unaiona. Kwanza alikuwa anacheka. Ananiambia, "Baba, tuko msingi bado." Baadaye akawa hacheki. Baadaye akawa anatoka kanisani kwa mlango wa upande.

Mwaka wa pili wanaandika ile kazi kubwa inayoitwa tasnifu. Miezi ikapita. Namuuliza linta, ananiambia msimamizi hajasoma. Wiki nyingine, msimamizi hajasoma. Nikajiambia, hapa kuna fundi mvivu, na dawa ya fundi mvivu mimi ninaijua.

Ndugu zangu, nawaambia jambo hili na uso wangu unawaka. Nilinunua mbuta mzima, yule samaki mkubwa wa ziwani, wa kilo kumi na nne, bado ana barafu mdomoni. Nikavaa suti. Nikaenda chuoni bila kumwambia binti yangu, nikapanda ngazi na samaki amefungwa kwenye gunia jipya, nikauliza ofisi ya mwalimu fulani. Korido ilikuwa imejaa wanafunzi, na maji ya barafu yalikuwa yanadondoka nyuma yangu kila hatua.

Mwalimu alikuwa mtu wa adabu. Akanikaribisha kiti. Nikamwambia mimi ni baba wa fulani, nimesikia kazi imekwama, nimekuja kuona shida iko wapi. Nikamwambia pia kwamba kama ana jiko nyumbani linalovuja, mabati si tatizo.

Akavua miwani. "Mzee," akasema, "binti yako ni mtu mzima. Mimi sizungumzi kazi ya mwanafunzi na wazazi wake. Na tafadhali, huyo samaki rudi naye."

Mimi kurudi na samaki? Aibu gani hiyo? Nikamwachia katibu wake mezani, nikashuka ngazi nikiwa nimeridhika kabisa. Jioni nilimwambia mke wangu, "Sasa utaona mambo yakienda." Aliendelea kuchambua mboga.

Kuanzia siku ile, nilikuja kujua baadaye sana, binti yangu alipoingia darasani wenzake walikuwa wanasema, "Mbuta amefika!" Mmoja alimuuliza kama sura ya tatu itahitaji samaki mwingine, kamongo. Na yule mwalimu, ambaye kwa kweli alikuwa ameshaanza kusoma kazi yake, akaiweka chini. Akimpitisha, watasema samaki ndiye amempitisha. Akampeleka kwa mwalimu mwingine, na huyo mwingine akaogopa vilevile. Mtoto akabaki na karatasi zake mkononi, kwenye somo ambalo hakulichagua, mbele ya watu wanaomcheka. Akaacha. Hakuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza kitu kingine chochote isipokuwa linta.

Mimi huku nje nilikuwa naendelea na sherehe yangu. Nimeweka oda ya mahema sita, nimechagua fahali, na msema chochote ni yuleyule wa mazishini. Nilitaka aseme kwa kinywa chake.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja nikasikia orodha ya wanaohitimu imetoka. Nikaenda saiba, lile duka la kompyuta hapa Manyatta, ili wanichapishie ukurasa wenye jina lake niuweke kwenye fremu. Msichana wa saiba akatafuta. Akatafuta tena.

"Mzee, halipo."

"Tafuta kwa jina la baba. Jina langu linajulikana."

"Nimetafuta yote matatu."

"Basi mashine yako ni mbovu."

"Mzee," akasema polepole, "mashine ni nzima."

Mimi ambaye hakuna kitu kingenishangaza, nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka watu nyuma yangu wakaanza kulalamika.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu jikoni. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi wa nne."

"Na ukaninyamazia?"

"Baba, wewe mtu atakuambia saa ngapi? Unauliza, unajibu, unalipa. Sisi tumebaki kupiga makofi."

Binti alikuja siku ya tatu. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Nilisema maneno ambayo sitayarudia ndani ya nyumba hii ya Mungu. Akasubiri nimalize, halafu akasema, "Ulinipelekea samaki chuoni, Baba. Ningeweza kubeba yote, lakini samaki sikuweza." Akachukua begi lake, akaondoka. Nilipompigia, simu ilikuwa inaita tu. Miezi minane.

Hapo nikaanguka. Wengine mlidhani ni biashara, kwa sababu duka lilikuwa linafunguliwa saa nne. Biashara ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kukutana na mtu. Nikaacha kuja hapa. Nikaacha mazishi, na mnajua kwetu mtu akiacha kwenda mazishi, watu wanajua huyo karibu atazikwa yeye. Mahema niliyafuta kwa simu, nikasema eti kuna msiba. Kwa kweli sikudanganya sana.

Wanaume watano wa kikundi cha wanaume cha kanisa hili wakaja nyumbani bila kuitwa. Wako hapa, wanajijua ni akina nani. Nilijieleza saa nzima: nimelipa hivi, nimefanya hivi, nimedharauliwa hivi. Walinisikiliza. Halafu mmoja wao, ambaye anatengeneza baiskeli na hana makuu, akaniuliza, "Lakini ndugu, yeye mwenyewe alikuwa anataka kusoma nini?"

Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, mimi ukiniuliza bei ya misumari ya inchi tatu katika maduka yote ya Kisumu nitakutajia moja baada ya nyingine. Swali lile sikuwa na jibu lake. Yule ndugu akaendelea kunywa chai yake, hakunishambulia, akaliacha swali pale mezani mpaka walipoondoka.

Jumamosi iliyofuata mke wangu akaniambia mahali alipo. Niliendesha pikapu mpaka Luanda Kotieno. Nilimkuta ufukweni, amefunga leso kiunoni, anageuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwenye nyavu za kukaushia pamoja na kina mama. Alikuwa mweusi kwa jua na amekonda kidogo. Aliponiona, kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama mikono yangu, kama nimebeba kitu.

Sikuwa nimebeba kitu.

"Nyathina," nikamwambia, "mwanangu, nimekuja na swali moja. Ulikuwa unataka kusoma nini?"

Aliendelea kugeuza omena mpaka mwisho wa wavu. Kisha akaniambia. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, omena wa kina mama wale wanaoza, wanauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anataka kujua namna ya kuwakausha wakati wa mvua bila gharama itakayowaumiza hao kina mama. Alikuwa amelifikiria tangu digrii ya kwanza. Na hapo ndipo nikajua kwamba tangu Januari alikuwa amejiandikisha upya, chuo kingine, kwa mshahara wake mdogo. Ananieleza habari za msimamizi wake mpya, mama mmoja ambaye anasoma kazi yake ndani ya wiki moja na kuirudisha imejaa wino mwekundu, na ambaye alishawahi kuja pale ufukweni akavua viatu. Ananieleza na habari za wenzake watatu wanaosomeana kazi kwa simu. Alikuwa anaongea haraka, mikono inapaa hewani. Sikuwa nimemwona hivyo tangu akiwa mdogo.

Nikaona vichanja alivyojenga vya majaribio. Nguzo zimepinda, wallahi zimepinda! Mdomo ukafunguka: "Lakini hizi nguzo..." Akanitazama. Nikasema, "Zimesimama." Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka jioni. Sikuuliza linta.

Amemaliza mwaka huu. Sherehe alikataa. Hakuna hema, hakuna fahali, na msema chochote hakuitwa. Walikula chakula yeye na mama yake na wale kina mama wa omena. Mimi niliambiwa nije saa tisa, nikaja saa tisa.

Nawashukuru wale wanaume watano kwa chai waliyokuja kuninywea. Namshukuru mke wangu, ambaye alininyamazia na akawa na haki. Na ninyi wazazi wa hawa vijana wanne, mimi sijasoma, lakini hili nimelilipia, kwa hiyo nisikilizeni. Mtu mzima akienda kusoma, hasukumwi kutoka nyuma. Kinachomwamsha asubuhi ni lile swali lake mwenyewe, na mwalimu anayemsomea, na wenzake wasiomcheka. Karo yako inafungua lango tu. Muulize anachotaka kabla hujashika kipaza sauti mazishini. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa miaka mitatu, na hiyo miaka hairudishwi dukani.

Mwenyekiti aliniuliza kule nje masta hii imenigharimu ngapi. Ile karo ya kwanza sihesabu, haikununua kitu. Hii ya pili alijilipia mwenyewe. Ila mwezi uliopita alinipigia simu, akasema, "Baba, kuna kitu kimoja unaweza kunilipia ukitaka. Kufunga nakala za tasnifu."

Tukaenda wawili mjini, kwenye duka la kufunga vitabu. Nakala tano, jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Nikamwomba anisomee ukurasa wa shukrani, maana ni Kiingereza. Akanisomea: mama yake, kina mama wa Luanda Kotieno, msimamizi, wale wenzake watatu. Nikasubiri. Akafunga kitabu taratibu.

"Huo ukurasa, Baba, ni wa waliokuwepo tangu mwanzo."

"Sawa, nyathina," nikasema.

Aliniachia nibebe vitabu mpaka kwenye gari. Mwenye duka alikuwa ameshaniambia bei, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuomba punguzo: shilingi elfu nne, mia saba na hamsini.