Risala ya Ghorofa ya Tatu Kuhusu Meza Namba Tisa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, viongozi mliofuatana naye, na wenzetu mnaotufuatilia kutoka nyumbani mkiwa mmezima kamera:

Karibu sana. Tungekukaribisha kiti, ila siku hizi viti vinawekewa nafasi kwa simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na chako alikiwahi mhasibu. Tumembembeleza, amekubali kusimama. Tuna ombi moja tu, kwamba meza namba tisa isiondolewe, na tutaeleza kwa nini. Nasoma mimi, mama wa mapokezi, kwa sababu nimebakiza miezi miwili nistaafu na sina cha kuogopa.

TULIKOTOKA

Kabla ya janga tulikuwa watu sabini na meza sabini, kila mtu na droo yake na ndala zake ndani. Ugonjwa ulipoingia tukatumwa nyumbani na kompyuta. Tukafanya kazi vitandani, juu koti na tai, chini bukta. Mwanasheria wetu alikuwa akitoa hoja nzito mbele ya bodi, mwanawe akachungulia: "Baba, mama anauliza vyombo utaosha saa ngapi?" Hoja ilipita.

MAFANIKIO

Tuliporudi tulikuta ofisi imekuwa nyumbufu. Meza ni thelathini, hazina mwenyewe. Maua ni ya plastiki, hayajanyauka hata moja. Kuna kibanda cha vioo cha kupigia simu, hakipitishi sauti. Wiki ya kwanza afisa ugavi alijifungia humo kwa bahati mbaya, akatupungia mikono dakika arobaini, nasi tukampungia tukidhani yuko kikaoni.

Fanikio kubwa ni mahudhurio. Mfumo umetoa takwimu za mwaka mzima, na aliyeongoza ni karani wa masjala, Mzee Mhuri: asilimia mia, meza namba tisa, ile ya dirishani. Cheti chake hicho hapo mbele yako, kwenye fremu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tafadhali usimwite. Mzee Mhuri alifariki mwaka wa kwanza wa janga.

Sisi tulipoondoka, barua za karatasi ziliendelea kuja, na lazima mtu azipokee. Alibaki yeye. Kila siku alifungua ofisi hii peke yake, akagonga mihuri, akatutumia picha za barua kwa simu na maneno yaleyale: "Wanangu, kaeni hukohuko, mimi nipo." Mwaka jana ulihutubia ukasema ofisi hii haikufungwa hata siku moja. Kweli kabisa, na aliyeifungua ni yeye. Ugonjwa ulimkuta hapahapa.

Mazishi tuliyatazama kwenye simu, mtandao ukakatika kabla hajashushwa kaburini. Inatuuma mpaka leo.

Basi, lilipotoka tangazo kwamba meza isiyowekewa nafasi siku tano mfululizo itaondolewa, tuliingiwa na hofu, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuikalia namba tisa, alipokuwa akikaa yeye. Jina lake halikuwahi kufutwa kwenye mfumo, na nywila alikuwa ameibandika chini ya meza. Tukapeana zamu: kila alfajiri mmoja wetu anamwekea nafasi. Laiti tungejua kwamba mfumo unahesabu kila nafasi kuwa mahudhurio! Ni udanganyifu, tunakiri, sote sitini na tisa.

MAOMBI

Tulitaka kuomba viti, na kitasa cha ndani cha kile kibanda. Tumeviacha. Sasa ukweli umeusikia, na ukilifuta jina lake leo, wiki ijayo meza haipo. Tunaomba ibaki.

Na cheti usikirudishe kabatini. Jana maafisa utumishi walipiga namba iliyomo kwenye faili lake, wakaagiza mwenye simu afike kupokea tuzo ya kuhudhuria kila siku. Aliyepokea ni mkewe. Yuko mstari wa mbele, mwenye mtandio wa kijani. Mlangoni nilimwomba radhi, akanishika mkono: "Najua hayupo, mwenzangu. Nimekuja nione alipokuwa akikaa."

Mgeni rasmi, ni hatua kumi tu kutoka hapo ulipo. Mpeleke wewe mwenyewe. Nafasi ya leo tumeshaiweka, mpaka saa kumi na moja jioni.

Mungu akuzidishie afya, wewe na wote wa nyumbani kwako, na akulainishie moyo.

Ni sisi, wafanyakazi wa ghorofa ya tatu: sitini na tisa, na mmoja wa dirishani.